Kisichosuuzika

4 Machi

Dada,

Bembea imekatika asubuhi ya leo wadi ya mifupa, mgonjwa akiwa juu. Aliyenipa habari ni sista mkuu wa wadi. Alipiga simu ya ndani, akasema, "Dobi, njoo uone nguo yako ilichofanya," akakata.

Bembea, kama umesahau, ni kile kitambaa kinene cha pamba chenye mikanda minne. Mgonjwa asiyeweza kusimama analazwa ndani yake, mikanda inatundikwa kwenye mashine, mashine inamnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Zote zinafuliwa kwangu.

Aliyeanguka ni fundi saa, mzee mwembamba aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa goti na ambaye Ijumaa alikuwa aende nyumbani. Nilipofika bado yuko sakafuni, wanasubiri ubao wa kumbebea. Uso umekuwa wa kijivu. Akaniuliza saa ngapi, nikamwambia. Akasema basi saa ya ukutani iko nyuma, wakimruhusu nimletee ngazi airekebishe. Wauguzi wakacheka, naye akafumba macho. Picha imeonyesha nyonga imevunjika.

Niliikagua bembea. Haikuachia kwenye mshono. Imekatika katikati ya kitambaa, na kingo zimefumka kama pamba ya masikioni. Nilishika sehemu nyingine kwa vidole, nikavuta, ikaachia bila hata sauti. Kitambaa kile, Dada, kikiwa kizima unaweza kuvutia gari.

Wadi nzima inasema ni klorini. Na klorini kwetu ina mwenyewe: Mama Pacha wa mashine ya pili. Ndiye yule aliyewahi kugeuza makoti ya kijani ya madaktari yakawa rangi ya maziwa. Ni zamani, lakini watu hawajaacha kumtania. "Mama Pacha, leo nani anaoa?" Leo hakuna aliyetania.

Mimi nina swali jingine, ndiyo maana naandika badala ya kukupigia. Tangu mwaka uanze bembea zinafuliwa kwa unga wako wa majaribio. Unga huo unaweza kufanya hivi? Kipande nimekifunga humu ndani. Kipime.

Mdogo wako,
Dobi


9 Machi

Mdogo wangu,

Pole kwa mzee na pole kwako. Kipande nimekipokea jana. Hakinuki klorini, lakini pua si kipimo.

Jibu langu la haraka ni hapana, na nitakueleza kwa nini, maana nakujua, nikikujibu kwa neno moja utanuna.

Ndani ya unga ule kuna protini ambayo bakteria wa kwenye mboji huitumia kula majani makavu. Majani, karatasi na pamba kwa bakteria ni chakula kimoja: selulosi, yaani sukari iliyoungana kuwa nyuzi ndefu. Protini hiyo ina sehemu mbili. Moja ni meno yanayokata uzi. Nyingine ni mkono unaoushika. Kiganja cha mkono huo kina vibapa vitatu, na kila kibapa kinalala juu ya sukari moja ya uzi, bapa juu ya bapa, kama sahani mbili zilizolowa zinavyogandana kabatini. Meno peke yake yangeelea tu majini. Mkono ndio unaoyaweka kazini.

Kwa kipimo nilichokupa, meno yanakula malaika, vile vinyweleo vya juu ya kitambaa, basi. Ndiyo maana shuka zenu zimekuwa laini na sista mkuu akakusifia. Baada ya hapo mnasuuza mara tatu, kama nilivyoandika kwenye maelekezo, na maji yanaondoka na vyote.

Vitambaa vyangu hapa hufuliwa tena na tena, kisha huvutwa na mashine mpaka vikatike. Nguvu haijawahi kupungua kwa kiasi cha kumwangusha hata paka.

Kwa hiyo swali ni lako: mlisuuza? Muulize huyo Mama Pacha, na umuulize vizuri. Watu husema wamesuuza mara tatu wakiwa wamesuuza moja na kupiga soga mara mbili.

Mama anasema hujampigia. Mimi nimemwambia una kazi. Usiniumbue.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Nimemuuliza. Nakuandikia alivyosema, usije ukasema nimepunguza.

"Mara tatu? Nilisuuza mara nne. Maji ya tatu yalikuwa bado yanateleza mkononi, nikaongeza. Muulize Mama wa Pasi, alinisema nachelewesha zamu."

Mama wa Pasi amekubali kuwa alimsema.

Nikamuuliza maji yalikuwa ya namna gani. Akanitazama kama nimeuliza maji yana rangi gani. "Bosi, bembea zina lebo. Lebo inasema usichemshe, vifungo vya plastiki vinapinda. Nazifua kwa maji ya uvuguvugu, nasuuza kwa maji baridi, naanika kivulini. Ulinifundisha wewe."

Ni kweli nilimfundisha mimi. Shuka zinakwenda maji ya kuchemka kwa sababu ya vijidudu. Bembea haziendi.

Nikamuuliza na la klorini. Akasema, "Tangu makoti yale, hilo dumu silisogelei. Nikilihitaji namwita mtu anishikie. Watu wanacheka, nawaacha wacheke." Hilo nalijua kwa macho yangu. Nimeshamshikia mimi mwenyewe.

Fundi saa amefanyiwa upasuaji wa pili. Ana binti mmoja, mwalimu, anayekuja kila jioni na daftari za wanafunzi, anasahihisha huku baba yake amelala. Jana alinisimamisha ukumbini, akauliza kwa adabu kama ni mimi msimamizi wa dobi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Nataka tu kujua," akashindwa kumaliza, akarudi ndani.

Mganga mkuu ameunda kamati. Inakaa Ijumaa tarehe 21. Wanataka mtu. Naomba majibu yako yafike kabla ya siku hiyo, yawe ya aina yoyote.

Dobi


18 Machi

Mdogo wangu,

Majibu bado. Mashine ya kupimia ina foleni na kipande chako ni kidogo. Usinikalie kooni.

Kwa udadisi tu: una uhakika bembea hazikuwahi kupita kwenye maji ya moto? Hata kwa bahati mbaya, siku moja? Na je, zikikauka zinakaa kabatini muda gani kabla ya kutumika? Zinakauka kabisa au zinakunjwa na unyevu?

Kitambaa chenyewe ni cha zamani, sivyo? Pamba inachoka. Hilo nalo waambie. Kamati yenye akili haiwezi kumtia mtu hatiani bila ushahidi, na ushahidi hawana. Watazungumza, watakunywa chai, wataahirisha. Nimekaa kwenye kamati za kutosha kujua.

Hapa mvua imekatika. Mkurugenzi wetu ana furaha siku hizi, maana unga unakwenda mbele ya bodi ya vibali mwanzoni mwa Aprili, na ukipita tutaanza kuutengeneza kwa mapipa. Ananiita "mama wa unga." Nimemwambia atafute jina jingine.

Nimepata kikohozi, si kitu. Mwambie Mama nakunywa dawa.

Dada yako


23 Machi

Dada,

Mama Pacha ameachishwa kazi. Mganga mkuu alitangaza juzi saa nane mchana, mwisho wa kikao. Sababu iliyotajwa ni matumizi ya klorini kinyume cha maelekezo.

Tulikuwa watu saba mezani. Kila mmoja aliulizwa, na kila mmoja akajibu. Nami niliulizwa, nikajibu. Barua yako ilikuwa mfukoni. Hoja ya pamba kuchoka niliitoa, mhasibu akasema bembea hizo zilinunuliwa mwaka juzi, risiti anazo. Ikaishia hapo.

Mama Pacha hakulia wala hakubishana. Alirudi dobi, akavua aproni, akaikunja. Akafungua kabati lake: ndala, kikombe, shuka ya kujifunikia kwenye zamu ya baridi. Kijana wa mkokoteni akataka kumsaidia. Akamwambia, "Mwanangu, vikombe siku hizi nabeba mwenyewe." Alipopita mbele yangu alisema, "Kazi njema, Bosi." Nilikuwa nimeshika orodha ya zamu, nikaendelea kuisoma.

Aliyechukua nafasi yake ni binti mchangamfu asiyesoma lebo. Anatupa kila kitu kwenye maji yanayochemka, bembea na shuka pamoja. Vifungo viwili vimepinda. Lakini sista mkuu amezijaribu bembea kwa kuzining'inizia magunia ya mchanga, moja moja, na zilizopita kwa binti huyu zimekaza. Zilizokuwa zimefuliwa na Mama Pacha, tatu zimekatika. Kwa hiyo sasa kila mtu anasema: mmeona?

Fundi saa ana homa, kifua kimebana.

Majibu yako bado yana umuhimu kwangu, hata kama kamati imemaliza.

Dobi


30 Machi

Kwa Mtaalamu wa Unga,

Hunijui, ila mwandiko wako naujua. Ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya mashine yangu, umefunikwa na nailoni. Mimi ndiye Mama Pacha niliyekuwa nafua pale kwa mdogo wako. Anwani nimeitoa kwenye gunia la unga, nilikuwa nimelifanya mfuko wa kubebea vigingi.

Sikuandikii nirudishiwe kazi. Nakuandikia nijue kosa langu. Nimefua nguo za watu maisha yangu yote, na nikiharibu nguo huwa najua nilipoiharibu. Yale makoti nilijua palepale, nikaenda kumwambia mkubwa kabla hajaniita. Hili silijui. Nimelirudia kichwani toka kuloweka hadi kuanika, sioni nilipokosea, na kulala silali.

Ulisema kipimo kijiko kimoja kwa ndoo, niliweka kimoja. Ulisema nguo zote za pamba. Bembea ni pamba. Ulisema mara tatu, nikafanya nne. Je, ile ya nne ndiyo iliyoharibu? Watu hapa wananicheka nikiuliza hivyo, lakini wewe ndiye mwenye unga.

Mdogo wako aliiambia kamati kwamba aliona dumu la klorini wazi kando ya ndoo yangu. Nilimtazama alipokuwa anasema. Yeye alikuwa anatazama glasi ya maji. Sijui kwa nini kijana yule alisema vile. Tulikuwa tunaelewana. Sikukuandikia hili ili umgombeze, nimekuandikia kwa sababu nikilificha na mimi nitakuwa kama wao.

Yule fundi saa alifariki Jumanne. Nilikwenda kutoa pole. Binti yake alinipa kiti, akanipa na maji, kisha akauliza jina langu. Nilipomtajia aliinuka akaenda chumba cha ndani, hakutoka tena. Nilikaa na glasi ile ya maji nikashindwa kuyanywa, na kuyamwaga ndani ya nyumba ya watu nikashindwa.

Basi nijibu. Hata kwa neno moja.

Mama Pacha


4 Aprili

Mama Pacha, shikamoo.

Hukukosea popote. Nakuandikia maneno mengi kwa sababu neno moja halikutoshi.

Unga wangu una protini ambayo inaushika uzi wa pamba kabla ya kuukata. Mimi niliamini kusuuza kunaiondoa. Haiondoki. Kiganja chake kinapolala juu ya uzi, maji yaliyokuwa katikati yanasukumwa nje, na kiganja kinaganda. Ukisuuza mara nne au mara kumi kwa maji baridi, unatoa povu, unatoa unga, lakini kilichoshika kinabaki kimeshika. Kitambaa kikikunjwa na unyevunyevu kidogo, meno yanaendelea na kazi kabatini. Kila ukifua, kinaongezeka kingine.

Kinachoimaliza ni maji ya moto. Yakikaribia kuchemka, protini inavurugika kama yai kwenye sufuria na haina nguvu tena. Shuka zilipona kwa sababu zinachemshwa. Bembea ziliharibika kwa sababu ulitii lebo. Aliyekuja baada yako hasomi lebo, na bembea zake ni nzima. Najua hili litakuuma kuliko kosa lenyewe lingekuuma. Ni hivyo lilivyo.

Sasa unisikilize kwa nini sikuandika kuchemsha. Hapa kwetu yupo fundi wa maabara, mtu msafi mno. Kila kitambaa kikitoka kufuliwa hukitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kisije kikaota ukungu kinaposubiri mashine. Alikuwa akifanya hivyo kabla sijaajiriwa. Vitambaa vyangu vyote nilivyopima, vyote, vilipita kwenye sufuria yake. Kwangu haikuwa hatua ya kazi, ilikuwa mazoea ya chumba, kama kufunga mlango. Kwa hiyo nilipoandika maelekezo yako, sufuria haikuingia.

Kipande cha bembea nilikipima. Nilichukua na pamba mpya, nikaifua na kuisuuza kama ulivyofanya wewe, bila sufuria. Ilikatika mkononi. Nilijua tarehe 16 Machi, siku tano kabla ya kamati yenu. Mkurugenzi wangu aliniomba nisiandike kokote mpaka bodi ya vibali ikutane. Nikakubali. Nilijiambia kamati haitakugusa bila ushahidi, nitasema baadaye, hakuna atakayeumia. Mzee alikuwa bado hai, nikalihesabu na hilo.

Bodi ilikutana jana. Nilikwenda na vile vitambaa, nikavichana mbele yao. Unga umezuiwa. Mkurugenzi hanisemeshi.

Nimechelewa na ninajua. Nakala ya barua hii nitampelekea mganga mkuu, na nyingine binti wa marehemu, ukiniruhusu.

Ninakuomba radhi. Hulazimiki kunipa.

Mwandishi wa maelekezo yako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Humu kuna nakala ya barua niliyomwandikia Mama Pacha leo. Isome kwanza, umekaa.

Ukishaisoma, una haki ya kuniita jina lolote. Mimi nina swali moja. Kwa nini ulisema uliona dumu?

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Nimeisoma nimesimama, chumba cha mashine, kwa sababu ndipo posta walipoileta. Kisha nimekwenda kukaa.

Barua yako ya tarehe 18 ninayo mbele yangu. "Majibu bado." Ulikuwa nayo siku ya pili. "Usinikalie kooni." Nilipoisoma ile barua nilikuonea huruma, unajua? Nilisema Dada amebanwa na kazi na anakohoa. Nikamwambia Mama akutumie asali.

Umeuliza kuhusu dumu. Nitakueleza ilivyokuwa.

Kikao kilikuwa kimefika mahali ambapo hakuna anayejua chochote. Hapo mganga mkuu akageuka, akaniuliza, "Huu unga mpya ulitoka wapi? Nani aliuleta hapa?" Aliuliza kwa upole tu. Lakini mhasibu alichukua kalamu. Mimi ndiye niliyeuleta. Jina lako ndilo lililo kwenye gunia. Nikaona wanakuandika. Nikaona wanakuita, na vibali vyako vinasimama, na wewe maisha yako yote umeyaweka kwenye kitu hicho, na mimi sina jibu lolote la kukutetea kwa sababu umesema majibu bado. Nikasema, "Nadhani niliona dumu la klorini likiwa wazi." Nilisema nadhani. Mhasibu hakuandika nadhani.

Nilitaka swali lile lipite, basi. Sikufikiri litatua wapi. Mama Pacha alikuwa amekaa mkono wangu wa kushoto.

Kwa hiyo tazama tulivyopishana. Wewe ulinyamaza ukijua hawana ushahidi. Mimi nikawapa ushahidi nikidhani wewe huna jibu. Ungeniandikia mstari mmoja, hata wa kunitukana, nisingesema vile. Nami ningenyamaza kama ulivyonyamaza wewe, angekuwa bado anasuuza bembea. Kila mmoja wetu alikuwa anamkinga mwenziwe, au ndivyo nilivyojiambia siku zote hizi. Leo nimeona mimi nilikuwa nakukinga, na wewe ulikuwa unaukinga unga.

Hilo la mwisho naliacha lilivyo, silifuti. Kama ni uonevu, utaniambia.

Nilikwenda kwa Mama Pacha jana jioni. Anaishi nyuma ya soko, chumba kimoja, amebandika kadi za shule za wale pacha ukutani. Nilibisha. Akatoka mmoja wao, msichana, akanitazama, akarudi ndani akasema, "Ni yule wa glasi ya maji." Nilisikia kiti kikisogezwa. Mama Pacha akaja mlangoni, akasimama, hakunikaribisha.

Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Umekuja kuniomba hapa mlangoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Pale ulisemea wapi?"

Nikatazama kizingiti.

"Basi," akasema, na akafunga mlango taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto.

Dobi


13 Aprili

Mdogo wangu,

Si uonevu. Ulivyoandika ndivyo ilivyokuwa.

Ningeweza kukueleza habari za mkurugenzi, jinsi alivyofunga mlango, jinsi alivyosema watu kumi na wanne watakosa ajira. Nimeandika ukurasa mzima wa maelezo hayo, nikauchana. Nilikuwa na stempu, bahasha na majibu, vyote kwenye meza moja.

Usinisamehe haraka. Ukinisamehe haraka tutarudi kuandikiana habari za kikohozi cha nani.

Mimi kwa wiki hizi nimeisoma protini ile upya, sasa kwa macho ya mwanamke aliyekuwa akisuuza. Nimekaa nayo miaka mingi nikisifu inavyoshika. Kila mkutano nilipanda jukwaani kueleza inavyoshika. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza inaachia lini, na mimi sikujiuliza.

Nimemwandikia mganga mkuu. Nimemwomba aitishe kamati upya, watu walewale. Je, Mama Pacha amekujibu chochote zaidi?

Dada yako


15 Aprili

Kwa Dobi na Mtaalamu, barua hii ni yenu wote wawili, msomeane.

Barua ya Mtaalamu niliipata. Niliisoma mara mbili, mara ya tatu nikamsomea Mama wa Pasi. Akasema, "Kwa hiyo ungekuwa mzembe mzee angekuwa hai?" Nikamwambia nyamaza. Lakini ndivyo ilivyo, amesema tu kwa sauti.

Ruhusa ya kumpelekea nakala binti wa marehemu natoa. Ila msimpelekee kwa posta.

Kazi siitaki. Kuna hoteli imenichukua, shuka na taulo, hakuna bembea. Msihangaike kunitafutia nafasi mkajisikia mmemaliza.

Ninachotaka ni hiki. Nilifukuzwa ndani ya chumba, mbele ya watu saba, kwa sauti. Nataka isemwe ndani ya chumba hichohicho, mbele ya watu haohao, kwa sauti ileile. Dobi aseme hakuona dumu. Asiseme "nadhani." Mtaalamu aje mwenyewe, aseme alijua lini. Binti wa fundi saa awepo asikie, maana anaamini ni mimi niliyemuulia baba.

Mkiweza hayo, nitakuja. Mkishindwa, msiniandikie tena. Nimechoka kufungua bahasha.

Mama Pacha


17 Aprili

Dada,

Mganga mkuu amekubali kikao. Amenijulisha leo mchana, mbele ya sista mkuu. Alisema, "Unajua utakachosema kinaweza kukugharimu kiti chako." Nikasema najua. Sista mkuu alinisindikiza mpaka ngazini, akanishika bega. Mhasibu ameuliza kama safari hii aandike au asiandike. Ameambiwa aandike kila neno.

Binti wa marehemu nilimfuata shuleni kwake. Alikuwa anafuta ubao. Nilimpa barua mkononi, nikasubiri nje chini ya dirisha, nikimsikia akigeuza kurasa. Alitoka macho makavu. "Baba alikuwa anakutetea wewe," akasema. "Alisema dobi ni mtu mwaminifu, amekuja kuniangalia nikiwa chini." Nilipoanza kuondoka akaniita, akauliza saa na chumba. Nikamtajia. Akaandika kwa chaki kwenye kona ya ubao, akasema atakuja, na atakaa mahali ambapo ananiona uso.

Mama ameshajua. Nilimwambia mwenyewe. Akauliza, "Na huyo mama wa watu anakula nini?" Hajauliza habari zako wala zangu.

Zile bembea tatu zilizokatika ziko kwenye kabati langu, nimezifunga kwa ufunguo. Wewe njoo na vitambaa vyako vya maabara, vilivyochemshwa na visivyochemshwa. Watu waone kwa macho.

Utaratibu uko hivi. Mimi wa kwanza. Wewe wa pili. Mama Pacha akitaka kusema, atasema. Asipotaka, hakuna atakayemuuliza. Basi lako linaingia Jumatano jioni, nitakuwa kituoni, ingawa sijui tutaongea nini njiani.

Kikao ni Alhamisi tarehe 24, saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili, chumba kilekile.

Dobi